Je, Wajua? Wambuti Walionyesha Nyayo, Mzungu Hakuamini

Je, wajua kwamba okapi aliingia katika vitabu vya wataalamu wa Ulaya kupitia Beni, na kwamba alipofika London kwa mara ya kwanza alikuwa vipande viwili vya ngozi?

Mwaka 1900 Sir Harry Johnston alikuwa mwakilishi mkuu wa Waingereza huko Uganda. Akapata habari kwamba Mjerumani mmoja amewateka Wambuti kadhaa kutoka msitu wa Ituri ili awapeleke Paris, wakatazamwe na watu katika maonyesho makubwa ya mwaka huo. Johnston akawaokoa, akakaa nao, kisha akaamua kuwarudisha kwao. Lakini alikuwa na lake moyoni. Miaka kumi nyuma, msafiri Stanley alikuwa ameandika kitabuni kwamba Wambuti wanamjua mnyama kama punda, anayekula majani, na kwamba humnasa kwa mashimo. Punda katika msitu mnene? Johnston akawauliza wageni wake. Wakamjibu bila kusita: tunamjua sana. Wakataja jina lake, jina ambalo masikioni mwa Mzungu lilisikika kama "o'api", pumzi ikikatika kidogo katikati.

Wakavuka Semliki wakafika Fort Mbeni, Beni ile ya zamani, ngome ya maafisa wa Mfalme Leopold. Maafisa wale hawakushangaa hata kidogo. Wakasema askari wao wanamla mnyama huyo, na ngozi yake yenye mistari wanaikata mikanda. Johnston akapata vipande viwili vya ngozi hiyo, akavituma London. Mwaka 1901 mtaalamu wa wanyama Philip Sclater akamwandika mnyama huyo katika ukoo wa farasi: Equus johnstoni.

Hapo ndipo penye kichekesho. Kule msituni Wambuti walikuwa wamemwonyesha Johnston nyayo zenyewe. Zilikuwa za ukwato uliopasuka katikati, kama wa ng'ombe au mbuzi. Johnston akakataa. Alijua anatafuta farasi, na farasi ana ukwato mmoja, kwa hiyo akaona watu hawa wanampeleka kwenye nyayo za pofu. Afisa Mswidi wa ngome ile, Karl Eriksson, ndiye aliyekuja kupata ngozi nzima na mafuvu mawili, yakatumwa Ulaya mwaka uleule wa 1901. Mafuvu yalipopimwa ikaonekana kwamba mnyama huyu si farasi wala punda, ni ndugu wa twiga. Ray Lankester akampa jina jipya, Okapia johnstoni. Kwato mbili, kama Wambuti walivyoonyesha. Jina la Johnston limebaki mkiani mwa okapi hadi leo. La mwindaji aliyemwinamisha Mzungu na kumwonyesha alama kwenye matope halimo.

Nimeanza na kisa hiki kwa makusudi. Siku hizi neno "mwindaji" likitajwa Butembo au Beni, watu hufikiria jangili, bunduki na gunia la nyama ya pori lililofungwa nyuma ya pikipiki. Mwindaji wa kale alikuwa mtu mwingine. Alikuwa kamusi.

Je, wajua uwindaji wa bonde la Semliki una umri gani? Katika mahali paitwapo Katanda, karibu na Ishango katika teritwari ya Beni, wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Alison Brooks na John Yellen walipata vichokoo vya mfupa vilivyochongwa meno pembeni. Walitangaza mwaka 1995 kwamba vina umri wa miaka 90,000 hivi. Pamoja navyo kulikuwa na mifupa ya kambare wakubwa. Ulaya vyombo vya namna hiyo vilichelewa kuonekana kwa makumi ya maelfu ya miaka. Watoto wetu shuleni hufundishwa juu ya mfupa wa Ishango, ule wenye mistari ya kuhesabia uliopatikana mwaka 1950 na Jean de Heinzelin na kupelekwa Brussels. Ni sawa. Lakini vichokoo vya Katanda ni vikongwe zaidi mara nne, na mtu aliyevichonga alikuwa akifikiria mlo wa jioni.

Na je, wajua kwamba Kiswahili unachokisoma sasa kilifika pande hizi nyuma ya pembe za ndovu? Katika karne ya 19 misafara ya Wangwana, watu wa pwani pamoja na wafuasi wao wa Manyema, ilisukuma kaskazini kutoka Lualaba ikifuata tembo. Tippu Tip ndiye anayekumbukwa zaidi, lakini huku Ituri jina lililotisha lilikuwa Kilonga-Longa, aliyekuwa na kambi Ipoto wakati Stanley alipopita mwaka 1887. Walichukua pembe, wakachukua watu, wakaacha lugha. Ndiyo maana Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kiliitwa Kingwana kwa muda mrefu. Kwa hiyo tembo anatudai. Mama wa soko la Beni na dereva aliyetoka Kisangani wanaelewana kwa sababu ya meno yake.

Sasa mbwa. Je, wajua kwamba mbwa wa kuwinda wa Ituri habweki? Hutoa sauti fulani ya kuimba, lakini kubweka, hapana. Mwindaji atajuaje basi mbwa wake amefika wapi katika msitu ambao huoni hatua kumi mbele? Humfunga shingoni njuga ya mti. Wambuti wa nyavu hutandika nyavu zao kwa nusu duara, nyavu zilizosokotwa kwa nyuzi za mmea uitwao nkusa. Wanawake na watoto wanakuja kwa kelele kutoka upande wa pili, njuga zinalia, na paa anakimbilia kamba asiyoiona. Katika miaka ya 1930 Waingereza wakachukua mbwa hawa, wakawazalisha, na leo wanaonekana katika mashindano ya mbwa duniani kwa jina la basenji. Ukilitamka jina hilo polepole utasikia neno unalolijua: washenzi. Mbwa wa washenzi, ndivyo wakoloni walivyomaanisha. Leo anauzwa kwa bei ya ng'ombe na anapanda ndege.

Upande wa pili wa dunia, katika jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani, mbwa wa kuwinda wanatakiwa wabweke sana. Huko Arizona na New Mexico wanamwinda puma, simba wa milimani asiye na manyoya ya shingo. Mbwa humfukuza hadi apande mti au jiwe, na mwindaji anafuata sauti. Watu wa huko wanagombana vikali juu ya jambo hili. Wenye ng'ombe wanasema bila kuwinda puma na mbweha wa jangwani hawatabaki na ndama. Wengine wanasema huo ni uuaji wa kujifurahisha. Mwaka 2019 majimbo hayo mawili yalipiga marufuku mashindano ya kuua mbweha wa jangwani, yale ambayo mwenye mizoga mingi hupewa zawadi. Uwindaji wenyewe haukupigwa marufuku.

Katika mgogoro huo kuna kisa kimoja ambacho kingewafaa wazee wetu. Tarehe 7 Machi 1996, mfugaji na mwindaji aitwaye Warner Glenn alikuwa na mbwa wake katika milima ya Peloncillo, mpakani mwa Arizona na New Mexico, akifuata puma. Mbwa wakamzingira mnyama juu ya mwamba. Glenn akafika, akatazama, akaona madoa. Alikuwa jagwa, paka mkubwa kuliko wote wa Amerika, ambaye wengi waliamini hayupo tena nchini humo. Glenn akaacha bunduki, akachukua kamera, akampiga picha, kisha akawavuta mbwa wake na kumwacha aende. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikamweka jagwa katika orodha ya wanyama wanaolindwa ndani ya mipaka yake. Picha za jagwa aliye hai zilitoka kwa mwindaji wa puma, si kwa mlinzi wa wanyama.

Kabla yake kulikuwa na Aldo Leopold (hana undugu na mfalme wetu yule). Mwaka 1909 alikuwa kijana, mfanyakazi mpya wa idara ya misitu huko Arizona. Yeye na wenzake wakamuua mbwamwitu jike, wakiamini kwamba mbwamwitu wakipungua swala wataongezeka na wawindaji watafurahi. Swala waliongezeka kweli katika milima mingi, wakala kila jani, kisha wakafa kwa njaa. Leopold aliishi akiandika juu ya kosa hilo, na kitabu chake kilitoka mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Hakuacha kuwinda.

Turudi nyumbani, kwa chui. Tazama nembo ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ile ya mwaka 2006. Kichwa cha chui katikati, pembe ya ndovu upande mmoja, mkuki upande wa pili, jiwe chini. Ukimpa mtu asiyetujua akuambie hii ni nchi ya watu gani, atasema: wawindaji. Hata timu ya taifa haikuepuka. Kwa jina la Chui, Zaire ilikuwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, mwaka 1974. Alipoanguka Mobutu na kofia yake ya ngozi ya chui, timu ikageuzwa Simba, na mwaka 2006 ikarudi kuwa Chui.

Mobutu hakubuni kitu. Katika jamii nyingi za mashariki mwa Kongo, aliyeua chui hakuwa na haki ya kumweka nyumbani. Ngozi, meno na makucha vilipelekwa kwa mwami, kwa sababu chui ni mtawala, na kijiji hakiwezi kuwa na watawala wawili. Na palipo na mamlaka, wapo wa kuyaiga. Zamani za Wabelgiji, Ituri na pande za Beni zilitetemeka kwa ajili ya anioto, watu-chui, waliowaua wenzao usiku kwa makucha ya chuma ili ionekane ni kazi ya mnyama. Huku Beni waliitwa vihokohoko. Wakoloni walisimulia habari hizo kama ushenzi mtupu. Waliochunguza baadaye waliona ndani yake ugomvi wa ardhi na wa nani awe chifu. Ulaya ilivutiwa kupita kiasi. Mwaka 1913 Paul Wissaert alichonga sanamu ya mtu-chui akimnyemelea aliyelala, ikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren karibu na Brussels, na baadaye mtu-chui akaingia hata katika vibonzo vya Tintin. Jumba hilo lilipofunguliwa upya mwaka 2018, sanamu ilikuwa imeondolewa katika maonyesho ya kawaida na kuwekwa chini, pamoja na sanamu nyingine za aibu.

Je, wajua kwamba hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika iliombwa na muuaji wa gorila? Carl Akeley, Mmarekani, alikuwa mtu wa kujaza ngozi za wanyama kwa ajili ya makumbusho. Mwaka 1896, katika nchi ya Wasomali, alipigana na chui kwa mikono mitupu akamuua. Mwaka 1921 alipanda milima ya volkano ya Kivu na kuwapiga risasi gorila kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Kitu kikamgeuka rohoni. Akaanza kumsihi Mfalme Albert wa Ubelgiji afunge milima ile isiguswe tena. Tarehe 21 Aprili 1925 hifadhi ikatangazwa kwa jina la mfalme, na tangu 1969 inaitwa Virunga. Akeley alirudi mwaka 1926, akaugua, akafa, akazikwa kwenye mteremko wa Mikeno, jirani na gorila wake.

Mpaka wa hifadhi ukaja kupanuliwa kaskazini hadi Semliki na Rwenzori, na hapo ndipo sisi tulipoingizwa. Kwa mwindaji wa Kinande au wa Kimbuti ilikuwa hivi: jana ulikuwa unawinda, leo unaiba. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inatambua vibali vya namna kadhaa, kikiwemo cha mwanakijiji na cha jamii nzima, na inakataza sumu na moto. Kwenye karatasi ni sheria yenye huruma kuliko ya Kenya, ambayo tangu mwaka 1977 imekataza uwindaji. Lakini tuambizane ukweli: ni wangapi unaowajua walio na kibali hicho mfukoni?

Na bunduki zilipojaa, kibali kilikuwa cha nani? Ziwa Edward lilikuwa na viboko karibu 29,000 katikati ya miaka ya 1970, kundi kubwa kuliko lolote duniani. Kufikia mwaka 2005 hawakufika 1,000. Wauaji walikuwa watu wenye silaha, wa sare na wasio na sare, na nyama ilishuka kwenye masoko yetu. Kilichofuata hakikusemwa na mtaalamu kwanza, kilisemwa na wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi: samaki wanapungua. Kiboko hula majani usiku nchi kavu na kunya mchana majini. Mavi yale ndiyo chakula cha viumbe vidogo ambavyo samaki hula. Ukila kiboko mwaka huu, umekula na samaki wa mwaka ujao. Uvuvi wa kupindukia nao ulichangia, hilo lisifichwe.

Sasa lile swali gumu: simba na chui wauawe au waachwe? Mwenye kujibu haraka, ama hajawahi kufuga mbuzi ama hajawahi kuzika. Tanzania, kati ya mwaka 1990 na 2005, simba waliua watu zaidi ya 560. Watafiti walipouliza kwa nini, jibu lilipatikana shambani: nguruwe mwitu. Nguruwe wanakula mazao, mkulima analala katika dungu ili awafukuze, simba anawafuata nguruwe na kumkuta mkulima. Mtu wa namna hiyo akimuua simba, mimi simhukumu. Hata sheria haimhukumu mtu aliyetetea uhai wake.

Lakini kuna hesabu ya upande wa pili. Ghana walihesabu wanyama katika hifadhi zao kuanzia 1968 hadi 2004. Pale simba na chui walipotoweka, nyani waliongezeka na kuenea hadi kwenye mashamba. Mama wa Beni anayelinda mahindi yake dhidi ya nyani hahitaji kuelezwa maana yake. Chui aliyemla mbuzi mmoja alikuwa akimla nyani pia, ila nyani hakuwa na mwenyewe wa kumlilia.

Ninachokataa ni sumu. Ng'ambo ya ziwa letu, katika hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, simba kumi na mmoja, wanane kati yao watoto, waliuawa kwa sumu mwezi Aprili 2018. Machi 2021 wakauawa wengine sita huko Ishasha, wakakatwa vichwa na miguu. Sumu inayotiwa kwenye mzoga haina mlengwa, inaua na tai na fisi na mbwa wako. Mitego ya waya na ya chuma nayo ni hivyohivyo. Mwaka 2020 simba dume aitwaye Jacob alipoteza mguu katika mtego wa chuma wa majangili. Watu wakasema huyo basi. Mwezi Februari 2024 Jacob mwenye miguu mitatu, pamoja na ndugu yake Tibu, aliogelea mlango wa Kazinga, zaidi ya kilomita moja ya maji yenye mamba na viboko, usiku. Kamera ya joto iliyorushwa angani iliwaona. Inadhaniwa walikuwa wakitafuta majike, maana majike wamekuwa haba mno upande huo.

Mwindaji wa mkuki alihitaji kumkaribia mnyama wake na kumjua: anakunywa wapi, ana mimba au hana, ni mzee au kijana. Mwenye wavu alimwona paa kabla ya kumuua na aliweza kumwachia mwenye mimba. Waya haumwoni mtu wala mnyama. Na kalashi inamwona kila mtu kuwa mnyama: tarehe 24 Juni 2012, kundi lililojiita Mai-Mai Simba, likiongozwa na jangili wa tembo aliyejulikana kwa jina la Morgan, lilivamia kituo cha Epulu, mbele ya Mambasa. Liliua watu, wakiwemo walinzi, na okapi kumi na wanne waliofugwa pale. Hawakuwala. Walitaka tu kuwakomoa waliowazuia kuua tembo.

Okapi wa Virunga je? Tangu mwaka 1959 hakuna aliyekuwa ameleta habari ya uhakika, na wengi walimfuta. Mwaka 2006 nyayo zake zikaonekana tena. Mwaka 2008 kamera zilizofungwa kwenye miti ya msitu wa Watalinga, teritwari ya Beni, zikampiga picha usiku, mistari yake ikionekana vizuri mapajani. Safari hii hakuna aliyebisha juu ya zile nyayo. Zilikuwa za kwato mbili.